Kifundo cha Pili

Mita mia na sitini si bendi ya wenye haraka.
Ni ya usiku wa Desemba, hapa Ibra,
viyoyozi vimenyamaza, shuka limegeuka blanketi,
nami nimejifungia chumba cha stoo
baina ya magunia ya tende na redio.

Ila Hilali, jirani, kaweka taa mpya ukutani,
kumi na nne, nyeupe, za bei rahisi,
na kila moja ina adapta inayokoroma.
Sindano inapanda hadi tisa, inakaa palepale
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.
Chini ya mkoromo ule najua kuna watu.
Siwasikii.

Thuwaiba akasema, "Si ukamwambie azime?"
Nikamwambie nini? Kuwa taa anazoziona yeye
mimi nazisikia?

Waya wangu wa kusikilizia umeelekea kaskazini magharibi,
mita mia na themanini kando ya wadi,
kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili
(nimepima, mbuzi mwenyewe akinisaidia).
Ule wa pili nikautandaza chini ya ukuta wa Hilali,
mfupi, mbovu, mahali ambapo hakuna mwenye akili zake
angeweka antena.
Ndiyo kazi yake: isisikie dunia. Isikie taa.

Hilali akauona asubuhi.
"Unanipeleleza, Suleyum?"
"Nakusikiliza," nikamjibu, "nipate kutokusikia."
Akacheka kwa pua, akaniachia.

Kisanduku kina vifundo viwili.
Cha kwanza kinalinganisha nguvu, hicho hata mtoto atakiweza.
Cha pili kinachelewesha.
Umepata kuwaona wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja?
Mchi huu juu, ule chini, wala haigongani.
Mama na shangazi, Wete, mwaka wa sitini na tano.
Nilikuwa na miaka saba, nimechutama, nangoja wakosee.
Hawakukosea.
Ndicho unachokitafuta gizani kwa ncha za vidole:
mkoromo huu ukipanda, ule ushuke,
na kitakachobaki kinuni kiwe unga.

Unywele mmoja kulia. Rudi.
Punguza nguvu kidogo. Tena kulia.
Saa kumi na moja kasorobo, adhana bado,
sindano ikaanguka kama tende iliyoiva.
Tisa. Sita. Tatu.
Na pale chini, nyembamba, mosi ya mtu:
kisiwa cha Kanada, theluji mpaka dirishani, jina lake Gus.
Nikamsomea namba zake, akanisomea zangu.
Kabla muadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti
alikuwa keshazama.

Wiki tatu nikala unga huo.

Kisha usiku mmoja nikawasha, nikakuta mvumo mgeni,
hauna upande, hauna sura.
Nikakizungusha kifundo cha pili mpaka kidole kikaniuma.
Hakikushika popote.
Nikachomoa waya wa ukutani.

Kimya.
Kimya chenyewe, kile nilichokiomba tangu taa zile.
Vituo vinne vikaja kwa mpigo, wazi, kila kimoja na mwendo wake.
Sikukiita hata kimoja.
Nilikuwa natafuta mkoromo.

Nikavaa kandambili, nikazunguka kwa nje.
Ukuta mweusi. Nikagonga.
"Sukari imempanda," akasema Bi Zamzam mlangoni,
kanga kaifunga kichwani ovyo.
"Wamemchukua hospitali tangu magharibi.
Taa nimezima mimi. Nimwashie nani?"

Siku nne bendi ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.
Daftarini nimeandika kituo kimoja tu,
na jina lake nimelikosea.

Jana karudi. Kakonda, kofia inamteleza.
Hakuniuliza kitu, ila "Waya wako bado upo pale?"
"Upo."
"Haya."

Usiku nikakaa, nikangoja.
Saa mbili na nusu sindano ikaruka: tisa,
zote kumi na nne, zinakoroma.
Nikachomeka waya wa ukutani, nikavuta kiti,
nikaweka kidole juu ya kifundo cha pili.
Sikukizungusha kwanza.